Goti Likishakataa

Siku ninayotaka tuizungumze si ile uliyoumia. Siku ile ulikuwa bado na watu na matumaini: barafu kwenye mfuko wa plastiki, wenzako wamekuzunguka, kocha anasema wiki mbili tu. Nazungumzia siku ya baadaye, miezi imepita, umekaa mbele ya daktari wa mifupa. Ameangalia picha ya goti, amevua miwani, na badala ya kukuambia lini utarudi uwanjani anakuuliza umesoma mpaka wapi. Daktari akishakuuliza umesoma mpaka wapi, mdogo wangu, jua mpira umeisha.

Mimi niliulizwa nikiwa na miaka 23. Nilikuwa winga wa kushoto, daraja la kwanza, msimu ambao nilishaanza kusikia kwamba kuna timu ya Ligi Kuu inaniulizia. Niliumia mazoezini, Jumanne, bila kuguswa na mtu. Nilipiga breki ili nigeuke na mpira. Mwili ukageuka, mguu ukabaki. Nikasikia "tap" ndani ya goti, kama kijiti kikavu kinavunjwa. Jioni goti lilikuwa kama nazi. Yule tuliyemwita "dokta" wa timu, ambaye kwa kweli alikuwa mchua misuli tu, akanikanda kwa maji ya moto, na wiki ya tatu nikarudishwa uwanjani. Dakika ya kumi goti likatoka tena, na safari hiyo likaondoka na gegedu.

Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu aniambie mwaka ule. Yanamfaa mchezaji wa mpira zaidi kuliko mwingine yeyote, kwa sababu huko ndiko ninakokujua. Dada zangu wa Ligi ya Wanawake, ninyi nanyi msikilize, tena kwa makini: wasichana hukatika ligamenti ya mbele ya goti mara nyingi kuliko wavulana wanaocheza mchezo uleule.

Usizike kabla hujahakikisha

X-ray inaonyesha mfupa. Ligamenti haionekani humo. Sijui ni vijana wangapi wameambiwa "mfupa mzima, kapumzike", wakafurahi, wakarudi kucheza na goti ambalo ndani limeshakatika. Dalili za kukatika kwa ligamenti ya mbele, hiyo inayoitwa ACL, zinajulikana: mlio au mshtuko ndani ya goti, uvimbe mkubwa ndani ya saa chache, na baadaye goti linalokutoroka ukishuka ngazi au ukigeuka ghafla. Ukiwa nazo, usikubali kumaliziwa na X-ray. Daktari anayejua kazi yake atakulaza, akunje goti, avute mfupa wa chini kwa mikono yake asikie kama unateleza kwenda mbele. Kisha ataomba kipimo cha MRI. Wataalamu wa mifupa utawapata Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, kwa walio Dar es Salaam. Kaskazini kuna KCMC pale Moshi, na Kanda ya Ziwa kuna Bugando, Mwanza.

ACL iliyokatika kabisa mara nyingi haijiungi yenyewe ikakaa vizuri. Hujengwa upya kwa kipande cha kano kinachochukuliwa mwilini mwako mwenyewe, mara nyingi nyuma ya paja au mbele ya goti. Na hapa ndipo wengi wetu tunapoangukia: upasuaji ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni fiziotherapia, miezi mingi, kila wiki, mazoezi ya kuchosha ambayo hayana mpira wala makofi. Kurudi kwenye mechi kabla ya miezi tisa ni kamari, hata kama goti limeacha kuuma. Kwa hiyo kabla hujasema ndoto imekufa, jiulize kama ulimaliza hiyo nusu ya pili. Kama hukuimaliza, weka makala hii pembeni, nenda kaimalize.

Kama uliimaliza na bado jibu ni lile lile, muulize daktari maswali ambayo wachezaji hawaulizi. Sisi huuliza moja tu, "nitacheza tena?" Muulize goti hili linaweza nini. Naweza kusimama kutwa? Kuchuchumaa? Kubeba gunia? Kupanda ngazi za jengo la ghorofa tatu kila siku? Nikilitumia hivi, litakuwaje nikiwa na miaka 40? Andika majibu. Kazi yako ijayo utaichagua kwa karatasi hiyo, na utashukuru unayo, kwa sababu ndugu watakupendekezea kila aina ya kazi, na nyingine zinataka magoti mawili mazima kuliko hata mpira wenyewe.

Tafuta maoni ya daktari wa pili. Yakilingana na ya kwanza, acha. Usitafute ya tano. Utaambiwa pia kwamba umerogwa, na jina la aliyekuroga utapewa bure. Kwa kawaida ni yule aliyechukua namba yako. Yule kijana hana kosa. Alikuwa benchi, nafasi ikapatikana.

Chukua kilicho chako

Hili nalipitia haraka, lakini usilipite wewe. Kama ulikuwa na mkataba ulioandikwa, kuumia pekee si sababu halali ya klabu kuuvunja. Vyombo vya FIFA vimeamua hivyo mara nyingi. Tafuta nakala yako ya mkataba leo. Kusanya karatasi zote za hospitali, picha, risiti, hata ujumbe wa simu ambamo kiongozi alikuahidi matibabu. Uliza kama klabu ilikuwa ikikuchangia NSSF na kama imesajiliwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa maana mchezaji mwenye mkataba wa ajira aliyeumia mazoezini ameumia kazini. Madai ya aina hii yana muda wake, yapelekwe mapema. Ukikwama kuna chama cha wachezaji, SPUTANZA, na kuna kamati ya TFF inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji. Nenda na karatasi, usiende na hasira.

Kama ulikuwa mchezaji wa mchangani, huna mkataba, una jina. Jina nalo lina muda wake wa kuisha. Waombe wenzako mechi ya hisani au bonanza wakati watu bado wanakumbuka bao lako la fainali ya kata, na pesa itakayopatikana iwekwe kwa ajili ya mambo mawili tu, goti na kujifunza kazi. Ikiingia kwenye kodi ya nyumba, itakuwa imeisha kabla hujapumua.

Miezi ile

Mwili wa mchezaji una ratiba yake, nayo haikukufuata kwa daktari. Saa kumi na moja na nusu alfajiri utaamka tu. Utakaa kitandani, utasikia wenzako wanapita nje wakikimbia, utawatambua kwa vishindo. Mimi kwa miezi mitatu nilikuwa naziba masikio kwa mto kila Jumamosi jioni, maana redio ya jirani ilikuwa haizimwi wakati wa mechi.

Sina dawa ya hiyo miezi. Ninao ushauri mdogo: saa ile ya alfajiri usiitupe. Amka, fanya mazoezi ya goti yale ya fiziotherapia, oga, vaa viatu. Mtu aliyevaa viatu saa kumi na mbili asubuhi ni rahisi kwake kutoka kuliko aliyelala mpaka saa nne.

Mkeka wa kubeti uogope. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu limewala wengi. Mchezaji aliyeacha mpira anajiona anajua kuliko wote kijiweni nani atashinda, ana muda, ana pesa kidogo ya mwisho aliyolipwa, na moyo wake bado unataka ule msisimko wa dakika ya 90. Kampuni za kubeti hazina mteja mzuri kuliko huyo. Kujua mpira hakukusaidii kwenye mkeka. Kungesaidia, makocha wote wangekuwa matajiri.

Tayarisha pia jibu la swali la mtaani. Kila kona utaulizwa, "Staa, unarudi lini?" Wanauliza kwa upendo, lakini ukiulizwa mara ishirini kwa siku na kila mara ukaanza kueleza habari za ligamenti, unaumia mara ishirini. Tengeneza sentensi moja, fupi, ya kweli, halafu uimalizie kwa jambo unalolifanya sasa. Yangu ilikuwa: "Sirudi, goti limekataa. Sasa hivi najifunza kushona." Mara ya kwanza kuitamka ilinichukua kama dakika nzima. Mara ya kumi watu walikuwa wameshahamia kwenye kushona: unashona nini, kwa nani, suruali bei gani.

Ukiona wiki zinapita hulali, huli, na mawazo ya kufa yanakuja, hayo si ya kuvumilia kiume. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, mwende hospitali pamoja. Ulipoumia goti hukujitibu mwenyewe.

Daftari

Sasa tumefika kwenye kazi yenyewe: kutafuta ni nini kimebaki cha ndoto. Nianze na habari ya mkimbiaji wetu mmoja.

Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola pale Christchurch, Filbert Bayi aliingia kwenye mbio za mita 1500, akatangulia tangu mlio wa bastola na hakumpa mtu nafasi mpaka mwisho. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Nyuma yake alikuwa John Walker wa New Zealand, mbele ya watu wa kwao. Dunia ikasubiri wakutane tena kwenye Olimpiki ya Montreal, 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, nchi nyingi za Afrika zikasusia Olimpiki, Tanzania ikiwamo, na Bayi akabaki nyumbani. Dhahabu ya mita 1500 akaichukua Walker. Yaani kijana alikosa mbio za maisha yake kwa sababu ya New Zealand, na medali ikaenda New Zealand. Hakuna goti lililokatika hapo, hakuna kosa lake, na hakuna wa kumdai.

Mwaka 1980, Moscow, Bayi alikuwapo, lakini si kwenye mita 1500. Alikuja na mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Na alikimbiaje? Vilevile. Akatangulia, akawaacha wenzake kwa mbali, mpaka mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland alipomfikia na kumpita. Bayi akapata fedha. Medali hiyo na ile ya Suleiman Nyambui ya mita 5000, michezo hiyohiyo, ndizo medali za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata. Baadaye Bayi akajenga shule, akawa kiongozi wa Kamati ya Olimpiki Tanzania.

Ninachokipenda kwenye habari hii si medali. Mbio zilibadilika, mkimbiaji hakubadilika. Alikuwa mtu wa kutangulia, akatafuta pa kutangulia pengine. Hilo ndilo swali lako. Goti limekunyang'anya kukimbia na kugeuka. Kukimbia na kugeuka ni kipande tu cha ndoto, ingawa kwa sasa kinaonekana ndiyo ndoto nzima.

Kwa hiyo nunua daftari. Andika siku kumi ambazo ulikuwa na furaha kuliko zote tangu uanze kucheza. Usiandike matokeo. Andika ulikuwa wapi, unafanya nini, na nani, mikono yako ilikuwa na nini. Chukua wiki, usiandike zote usiku mmoja. Ukimaliza, soma kama unasoma habari za mtu mwingine na uulize: huyu bwana alikuwa anapenda nini hasa?

Mimi nilifanya hivyo kwa kulazimishwa na dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye aliamini kila tatizo lina daftari lake. Nilitegemea kusoma habari za mabao. Katika siku zangu kumi, mpira wenyewe ulikuwamo kwenye tatu tu. Nyingine zilikuwa za chumba cha kubadilishia nguo: siku tulipopata jezi mpya nikazigawa mimi, siku nilipoziba soksi za timu nzima kwenye basi kwa sindano ya kuazima, siku namba 7 yangu ilipobanduka nikaikata upya kwa kitambaa cha mwavuli. Nilikasirika. Nilijiona nimejidanganya maisha yangu yote. Halafu nikacheka, kwa sababu nilikumbuka kwamba hata nilipokuwa mdogo, mpira wa makaratasi na kamba, wenzangu walikuwa wanacheza na mimi ndiye niliyekuwa naufunga.

Daftari lako litasema mengine. Yupo atakayekuta siku zake nyingi ni za kumwelekeza mwenzake asimame wapi. Huyo ana mwalimu ndani yake. Mwingine alipenda kelele za jukwaani, jina lake likitajwa kwenye spika, na huyo ajaribu redio, ushereheshaji, biashara ya kusimama mbele ya watu. Wapo waliopenda safari kuliko mechi: basi, vituo, kulala mji mgeni. Na wapo waliopenda pesa. Kama ni wewe, andika pesa, usione aibu. Ukishaikubali utaacha kulilia mpira, maana kwa wengi wetu mpira haukuwa hata ukilipa vizuri.

"Si uwe kocha"

Kila mtu atakuambia hivyo. Ni njia nzuri kwa wanaoifaa. Mwingereza Brian Clough alimaliza kucheza akiwa na mabao 251 ya ligi katika mechi 274. Tarehe 26 Desemba 1962, akiichezea Sunderland, aligongana na kipa. Ligamenti za goti zikakatika. Alikuwa na miaka 27. Alipewa vijana wa klabu awafundishe, na mwaka 1965 akapata kazi Hartlepools, timu ya daraja la chini kabisa la ligi ya Uingereza. Mwaka 1979 na 1980 alichukua Kombe la Ulaya akiwa na Nottingham Forest. Mjerumani Julian Nagelsmann, kama mchezaji, hakufika hata alipofika Clough. Magoti yalimwachisha kucheza akiwa na miaka 20, pale Augsburg. Kocha wake, Thomas Tuchel, akampa kazi ya kwenda kuangalia wapinzani na kuandika ripoti. Februari 2016, akiwa na miaka 28, alikuwa kocha mkuu wa Hoffenheim.

Watu hutaja majina haya kama vile kuumia goti kunazaa ukocha. Angalia walichopewa mwanzoni: vijana wa klabu, ripoti za wapinzani. Kazi ndogo, isiyo na heshima. Wewe pia anzia hapo. Usikimbilie kulipa ada ya kozi. Chukua watoto wa mtaa wenu, chini ya miaka 13, miezi mitatu, bure. Ukiona unaamka ukiwa na shauku ya kuwaona, hapo sasa nenda chama cha mpira cha mkoa uulize kozi ya leseni D ya CAF itakuwa lini; ndiyo ngazi ya kwanza, kisha C, B, A. Na Malya, wilayani Kwimba, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha serikali kwa anayetaka kusoma michezo kwa kirefu.

Nilijaribu hiyo miezi mitatu. Wiki ya sita nilimfokea mtoto wa miaka 12 mpaka akalia. Hakuwa amekosea. Alikuwa amegeuka kwa mguu wa kushoto, vizuri kabisa, nami nilimwonea wivu. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake na nikamwachia filimbi mtu mwingine. Kocha mwenye kidonda kibichi huwapaka watoto damu.

Uamuzi wa mechi nao watu huupendekeza bila kufikiri. Mwamuzi wa kati hukimbia kilomita kumi na zaidi kwa mechi, na kabla ya kupangiwa mechi hupimwa mbio. Rudi kwenye karatasi ya daktari. Kama goti limekataa kucheza kwa sababu ya kukimbia na kugeuka, litakataa na filimbi pia.

Fiziotherapia ni njia ambayo ningeisifu kwa yeyote mwenye masomo ya sayansi yanayoridhisha kidato cha nne. KCMC wamefundisha wataalamu hao kwa miaka mingi, na timu zetu zina njaa nao. Mgonjwa humwamini haraka mtu ambaye goti lake lina kovu.

Nje ya uwanja

Wengi wenu njia yenu haimo uwanjani kabisa, na hilo halina ubaya wowote. Kama uliacha shule kwa ajili ya mpira, mlango haujafungwa. Ambaye hakusoma sekondari anaweza kujisajili NECTA kwa mtihani wa maarifa, ule wanaouita QT, akifaulu akafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea; Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina madarasa kwa ajili hiyo. Utakaa na watoto na utakuwa mzee wa darasa. Umeshazomewa na uwanja mzima, darasa litakuwa nini.

Kama kuna ufundi unaujua kwa mikono, uliojifunza kwa mjomba au gereji, VETA wana utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi ulioupata nje ya chuo na kukupa cheti. Vijana wengi hawaujui. Kauulizie kituo cha VETA kilicho karibu nawe.

Kuhusu mtaji nina msimamo, na wapo watakaoupinga: ufundi kwanza, pesa baadaye. Usichukue malipo yako ya mwisho ya mpira ukanunua bodaboda au ukafungua duka la vifaa vya michezo wiki hiyohiyo. Nimeona maduka ya namna hiyo. Yanafunguliwa kwa picha na keki, yanafungwa kimya. Kaa miezi sita chini ya mtu anayeijua kazi, ufagie, ubebe, uangalie anavyopanga bei na anavyomjibu mteja mkorofi. Mimi nilikaa miezi minane kwa fundi cherehani mmoja, mzee wa Kipare asiyejua hata mpira unachezwa na watu wangapi. Alinifundisha kukata kitambaa, na alinifundisha kwamba mteja anayekusifu sana kabla ya kulipa ni wa kuangaliwa.

Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa jezi 16 za timu ya mchangani. Namba 7 niliikata vibaya, imeinama kama imelewa. Walizichukua hivyohivyo, kwa sababu nahodha wao tuliwahi kucheza pamoja. Hapo nikaelewa kitu ambacho hakuna benki ingeniambia: wale wote niliocheza nao na kucheza dhidi yao walikuwa wateja wangu kabla sijajua ninauza nini. Wewe nawe una orodha hiyo kwenye simu yako. Usiifute siku ile ya hasira. Kocha wa zamani anajua mwenye gereji, kipa mwenzako ameoa kwa mwenye kiwanda cha matofali, yule beki aliyekuumiza kisigino sasa ni afisa michezo wa wilaya. Waambie unachojifunza. Hawawezi kukutafutia njia kama hawajui unatafuta.

Leo nashona jezi, nafuma nyavu za magoli, na goti linauma mvua ikikaribia. Sijaacha kuota nacheza. Kwenye ndoto zile goti ni zima na nipo winga ya kushoto, na nikiamka bado huchukua muda kidogo kukumbuka. Sikuahidi kwamba hilo litaisha kwako.

Mwisho nina neno kwa viongozi na makocha, hasa wa timu ndogo. Kijana akianguka mwenyewe bila kuguswa, goti likavimba jioni hiyo, msimkande kwa maji ya moto, msimchue, msimrudishe uwanjani wiki ya tatu kwa sababu mna mechi ya kupanda daraja. Wekeni barafu, mfungeni bandeji, na kesho yake asubuhi mpelekeni kwa daktari wa mifupa. Nauli ichangwe na timu nzima.